Kupandikiziwa Meno ya Taya Zima: Mwongozo kwa Mkaazi wa Lamu

Shangazi yangu wa Mkomani aliishi miaka 11 na meno ya bandia ya kuvua na kuvaa, na kila alipoalikwa harusini alikula wali akaiacha nyama. Meno ya chini ndiyo yaliyomtesa zaidi, kwa kuwa hayana paa la kinywa la kuyashikilia kama yale ya juu, na ulimi huyasukuma kila mtu anaposema. Alipoona tangazo la kliniki moja lililoahidi meno mapya kwa siku moja, alifunga mkoba wa siku tatu akidhani angerudi kisiwani amemaliza. Matibabu yalichukua miezi minane na safari sita za Mombasa. Meno anayo leo na anayafurahia, lakini nusu ya taabu tuliyoipata ilitokana na kutojua mapema nini kinafuata nini, na hilo ndilo ninalotaka kumpunguzia msomaji.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani, yenye urefu wa milimita 10 hivi, inayofungwa ndani ya mfupa wa taya mahali ambapo mzizi wa jino ungekuwa. Anayerudishiwa meno ya taya zima hapandikiziwi skrubu kwa kila jino. Vipandikizi vinne hadi sita hutosha mara nyingi, na juu yake hufungwa daraja moja lenye meno 10 hadi 14. Njia ya kutumia vinne ilienezwa na daktari wa Ureno, Paulo Maló, tangu miaka ya 1990. Katika njia hiyo viwili vya mbele husimama wima na viwili vya nyuma huinamishwa, ili kwa juu viepuke uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu, na kwa chini viepuke neva inayopita ndani ya taya na kuupa mdomo hisia.

Kinachofanya kazi hasa ni mfupa wenyewe. Mnamo mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika hata hakitoki. Mgonjwa wa kwanza alipandikiziwa kwa njia yake mwaka 1965. Kushikana huko hakufanyiki kwa siku wala kwa wiki, bali huchukua miezi mitatu hadi sita, na taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, mara nyingi huhitaji muda mrefu kuliko la chini. Fundi wa Lamu anayepachika boriti katika ukuta wa mawe na chokaa hamruhusu mtu kucheza ngoma darini siku ile ile, na sababu yake ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo tangazo la siku moja halikuwa uongo mtupu, ila lilificha neno moja, nalo ni kwamba meno ya siku ya kwanza ni ya muda. Ni daraja la akriliki, yaani plastiki ngumu, jepesi, la kumsitiri mtu na kumwezesha kusema wakati mfupa unafanya kazi yake. Hata hilo hufungwa siku hiyo ikiwa tu vipandikizi vimekaza vya kutosha, jambo ambalo daktari hulipima kwa ufunguo maalumu pale pale mezani. Visipokaza, mgonjwa hurudi nyumbani na meno ya kuvua yaliyorekebishwa. Asiyeelezwa hivyo mapema hudhani amedhulumiwa.

Kabla ya kukata tiketi

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambalo orodha yake inaweza kutazamwa kwa simu, na leseni huhuishwa kila mwaka. Kisha uliza ni nani atakayepasua na ni nani atakayetengeneza meno, maana mara nyingine ni watu wawili tofauti, na mgonjwa ana haki ya kuonana na wote wawili kabla ya kulipa.

Picha ya eksirei ya pande tatu ni ya lazima. Mfupa wa taya lisilo na meno hupungua mwaka baada ya mwaka, na picha ya kawaida huonyesha kimo chake bila kuonyesha unene. Anayekadiriwa vipandikizi vyake kwa kuchunguliwa kinywa tu aage kwa adabu aondoke. Mfupa ukiwa haba, daktari anaweza kupendekeza kuongeza mfupa au kuinua sakafu ya ule uwazi wa hewa, na hapo miezi huongezeka, na gharama pia.

Yataje maradhi yako yote pamoja na dawa zako. Kisukari si kizuizi kikiwa kimedhibitiwa, lakini sukari iliyopanda huchelewesha kidonda na kukaribisha usaha, kwa hiyo nenda na majibu ya kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, si ya asubuhi moja. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, na aliyewahi kuchomwa kwa mionzi sehemu ya taya, wana hatari ya mfupa kufa mahali ulipotobolewa, na ni lazima waseme. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Daktari aliyeziandika na daktari wa meno washauriane.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hulificha kwa haya. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, na ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za kipandikizi kushindwa kushika. Tambuu yenye tumbaku na chokaa inauunguza ufizi ule ule unaotakiwa kupona, na miraa ina madhara yake, kwani mtafunaji hukaa saa nyingi akikamua upande mmoja huku kinywa kimekauka. Asiyeweza kuziacha wiki kadhaa kabla na miezi yote ya kungoja, ni bora abaki na meno ya kuvua kuliko kutupa fedha nyingi kiasi hicho.

Kuhusu fedha, omba mchanganuo wa maandishi unaotenganisha picha, kung'oa, vipandikizi, daraja la muda, daraja la kudumu na ziara za baadaye. Shangazi alikuja kugundua mwezi wa tano kwamba bei aliyotajiwa haikuwa na daraja la kudumu ndani yake. Usichukulie kwamba bima itabeba sehemu yoyote mpaka upewe jibu la maandishi.

Panga tarehe kwa kalenda zote mbili. Wiki za mwanzo zina vidonge vya saa maalumu na vyakula vya maji vinavyoliwa kidogo kidogo, mambo ambayo hayaendi na saumu, kwa hiyo Mfungo Mosi ni wakati mzuri kuliko Shaabani. Wenyeji wenye wageni wa Maulidi nao wauache Mfungo Sita upite kwanza. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na kuvuka kwa boti hadi Mokowe na uso uliovimba, kisha kukaa kwenye basi kwa zaidi ya kilomita 300 kupitia Witu, Garsen na Malindi, si jambo la kumfanyia mtu aliyetoka kupasuliwa jana. Tafuta pa kulala Mombasa kwa siku 10 hadi 14, mpaka nyuzi zitolewe. Mkaazi wa Malindi ana nafuu kubwa katika hili, kwa kuwa anaweza kwenda na kurudi siku moja.

Upasuaji na siku za mwanzo

Upasuaji wa taya moja huchukua saa mbili hadi nne hivi. Wengi hufanyiwa kwa sindano ya ganzi pamoja na dawa ya kutuliza inayomfanya mtu asinzie bila kulala kabisa. Utasikia mtetemo na kusukumwa, wala si maumivu. Ukisikia maumivu inua mkono, uongezwe ganzi. Meno mabovu yaliyobaki hung'olewa katika kikao hicho hicho.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia siku ya kwanza, na kulala kichwa kikiwa juu ya mito miwili husaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Mate yenye wekundu ni ya kawaida kwa siku moja au mbili. Damu inayobubujika, homa, au mdomo wa chini unaobaki na ganzi siku ya pili ni mambo ya kumpigia daktari simu mara moja.

Usisukutue wala usiteme kwa nguvu saa 24 za kwanza, maana damu iliyoganda ndiyo bandeji ya kidonda. Wengi huuliza juu ya udhu. Katika madhehebu ya Shafi, kusukutua ni sunna, na udhu wa aliyekuacha kwa udhuru unasihi. Mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi huzungushwa kinywani taratibu, pamoja na dawa ya kusukutulia utakayoandikiwa. Mswaki wa mti uwekwe kando kwa miezi hii, kwa sababu nyuzi zake huchoma ufizi ulioshonwa. Tumia mswaki laini wa dukani.

Aliyeinuliwa sakafu ya uwazi wa hewa asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya afungue mdomo. Asipande ndege kutoka Manda wala asizamie baharini mpaka daktari amruhusu, kwa kuwa mabadiliko ya shinikizo yanaweza kuufumua ufizi kwa ndani. Hili la kuzamia wavuvi wa pweza hawaambiwi, kwa sababu daktari wa mjini halimjii akilini.

Miezi ya kungoja

Hapa ndipo kazi huharibika, na huharibika kwa kula. Baada ya wiki mbili maumivu yamekwisha, meno yamekaa mahali pake, na mgonjwa anajiona amepona, ilhali mfupa ndiyo kwanza unaanza kushika. Kipandikizi kinachotikisika hata kwa sehemu ndogo ya milimita huzungukwa na nyama laini badala ya mfupa, na husikii chochote mpaka siku kinapolegea.

Wiki mbili za mwanzo ni uji wa mchele usio wa moto, supu iliyochujwa, maziwa, papai na ndizi mbivu zilizopondwa. Kisha, hadi mwezi wa tatu au kama utakavyoagizwa, kula kila kinachokatika kwa upande wa uma. Kwa bahati jiko la pwani lina vitu hivyo tele. Bokoboko ni kama limebuniwa kwa wagonjwa hawa, na kuna samaki wa kupaka aliyetolewa miiba, wali wa nazi uliopikwa ukalainika, viazi vya kuponda na mchicha wa nazi. Ng'onda, pweza, mishikaki, mkate wa mofa, kashata, korosho na muhindi wa kuchoma vingoje. Mahamri ya moto nayo, ingawa huonekana laini, huvutwa kwa meno ya mbele, na kuvuta ndiko kunakokatazwa.

Daraja la muda likivunjika, na la akriliki huweza kuvunjika, usilibandike kwa gundi ya dukani. Piga simu, kisha safiri.

Daraja la kudumu

Daktari akiridhika kwamba mfupa umeshika, huchukua vipimo vipya, na baada ya wiki chache hukuita kujaribu. Kikao cha kujaribu ndicho cha kusema kila linalokukera, kwa sababu daraja likishakamilishwa kulibadilisha ni kazi kubwa. Shangazi anasomesha Qurani chuoni, na matamshi kwake si mapambo. Alimsomea daktari Fatiha yote, ikadhihirika kwamba dhaal ilikuwa ikitoka kama zaa, na meno ya mbele yakapunguzwa unene kwa nyuma papo hapo.

Utaulizwa uchague baina ya zirkonia, ambayo ni aina ya kauri, na akriliki iliyojengwa juu ya chuma. Zirkonia ni ngumu na haishiki rangi ya kahawa, lakini ikipasuka daraja zima hurudi maabara. Akriliki huchakaa na jino moja linaweza kumeguka, ila hurekebishwa kwa urahisi na kwa bei ndogo. Mimi, kwa mtu wa kipato cha kawaida, naona akriliki yenye chuma ndani haina aibu yoyote. Anayesaga meno usingizini aseme, atengenezewe kinga ya kuvaa usiku.

Zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 huwa bado vipo baada ya miaka 10, lakini hesabu hiyo ni ya wanaosafisha. Kipandikizi hakiozi kama jino, ila uchafu unaokaa chini ya daraja huvimbisha ufizi na kuula mfupa kimyakimya. Kila usiku pitisha uzi mnene wenye ncha ngumu chini ya daraja, au kile kibrashi chembamba cha kupenya, kisha piga mswaki. Mara mbili kwa mwaka mwone daktari, na takriban mara moja kwa mwaka upigwe picha. Ufizi unaotoa damu, harufu isiyoisha au daraja linalocheza visingoje ziara hiyo.

Mwisho, usiondoke kliniki bila kadi inayoonyesha jina la kampuni iliyotengeneza vipandikizi, ukubwa wa kila kimoja na tarehe ya kupandikizwa. Mara nyingi skrubu za kampuni moja haziingii ufunguo wa nyingine, na iwapo daktari wako atahama au kustaafu, anayefuata anaweza kushindwa hata kulifungua daraja bila maelezo hayo. Shangazi ametoa nakala mbili. Moja iko kwangu, na nyingine ameifungia katika sanduku lenye hati ya nyumba.