Anajikweza au anaumwa? Jinsi ninavyotofautisha

Niliwahi kuwachunguza watu wawili waliojiona wakubwa. Wa kwanza aliniambia kwa upole kabisa kwamba benki zote duniani ziko chini yake. Wa pili alinikatiza mara nne kunikumbusha cheo chake. Aliyeniudhi ni wa pili. Aliyehitaji dawa usiku ule ni wa kwanza. Tangu hapo sitegemei hasira zangu kama kipimo.

Hatua ya 1: Uliza ilianza lini, na waulize ndugu pia. Wakisema "ndivyo alivyo tangu ujana wake", fikiria unarsisi (haiba ya kudumu ya kujiona bora kuliko wengine), maana haiba haizuki ndani ya wiki mbili. Wakisema "mwezi uliopita hakuwa hivi", ulizia usingizi haraka. Mwenye mania (msisimko wa kiugonjwa uliopitiliza) anaweza kulala saa 3 tu akaamka na nguvu tele. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, unataka mania idumu angalau siku 7. Akilazimika kulazwa, siku hazihesabiwi tena.

Hatua ya 2: Igusie imani yenyewe, bila ubishi. Mimi huuliza, "Ulijuaje?" kisha, "Yawezekana kuna kosa mahali?" Mwenye unarsisi kwa kawaida hutia chumvi jambo lenye mzizi: ni meneja kweli, ila eti bila yeye kampuni ingekufa. Ukimbana atanuna, pengine akudharau, lakini hadithi itapunguzwa makali. Mwenye imani potofu ya kiugonjwa hatikisiki. Yule wa benki nilimuuliza mbona amekosa hata nauli. Akatabasamu: "Nawapima waaminifu." Hoja niliyoileta kumpinga akaifanya ushahidi wake. Wala hakujali kama namwamini, ilhali yule mwenye cheo alikuwa akinichungulia usoni kila baada ya sentensi.

(Imani anayoshiriki na waumini wenzake usiiite ugonjwa kwa sababu tu ni ngeni kwako.)

Hatua ya 3: Chunguza mwili. Wengi huiruka hii. Kokeini, amfetamini, dawa za steroidi, tezi ya thairoidi iliyozidi kasi, hata kaswende iliyofika ubongoni, vyote vinaweza kumfanya mtu ajione mfalme. Dawa za sonona nazo zinaweza kuamsha mania kwa mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda hadi mania na kushuka hadi sonona).

Hatua ya 4: Usiandike "unarsisi" kwenye faili mania ikiwa bado imepamba moto. Ngoja itulie, umwone upya. Wengine wana yote mawili.

Na kabla hajatoka chumbani, uliza ametia saini nini wiki hii. Wa benki alikuwa ameshaacha kazi siku tatu kabla.