Kuanzisha mchezo wa masimulizi kwa simu ukiwa Bukavu

Mchezo wa kuigiza wahusika kwa masimulizi na dadu, ulioenea tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, hauhitaji meza moja wala kompyuta. Hapa Bukavu, ambako umeme hukatika bila taarifa na mega huisha upesi, ninashauri mcheze kwa maandishi katika kundi la WhatsApp, kila mmoja akijibu mara moja kwa siku.

Watu wanne wanatosha, mmoja wao akiwa msimulizi. Kanuni za msingi zinapatikana bure, hata kwa Kifaransa, lakini kwa kuanzia jueni tu kwamba mchezaji hurusha dadu ya pande 20, huongeza alama za uwezo wa mhusika wake, na hufaulu akifikisha 10 kwa jambo jepesi au 15 kwa jambo la wastani. Asiye na dadu hiyo atumie programu ya simu.

Kazi kubwa iko katika tukio la kwanza. Msimulizi asianze na historia ndefu ya falme, aandike hivi: “Mashua imetia nanga Idjwi usiku. Taa moja inawaka ufukweni, na mzee aliyeishika haitikii salamu. Mnafanya nini?” Swali hilo lisikosekane kamwe, kwa maana ndilo linalowapa wenzake nafasi ya kuamua.

Mkitaka siku moja kucheza kwa sauti na rafiki wa Kinshasa, kumbukeni kwamba saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa moja.