Kompyuta ya Dirisha la Dawa: Kuiandaa Linux kwa Watumishi wa Kituo cha Afya

Kabla hujapakua chochote, omba kiti ukae nyuma ya dirisha la dawa Jumatatu asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Usiguse kompyuta. Angalia nani amekaa, nani anampokea zamu, anafungua nini kwanza, anachapisha nini na anakwama wapi. Mimi ni afisa TEHAMA kwenye kituo cha afya cha umma upande wa Temeke, na karibu kila ninachokueleza hapa nimekitoa kwenye kiti hicho. Mfamasia akishapata mfumo wa hospitali uliofunguka na printa inayotoa karatasi, hana habari na jina la mfumo endeshi ulioko chini yake. Basi kipimo chako kiwe foleni.

Kwa nini tuhangaike kuhamia Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows? Windows 10 iliachwa na walioitengeneza tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za karibuni, wakati mashine tulizonazo ni zile za mtumba kutoka Kariakoo, Dell OptiPlex zenye prosesa ya i5 ya kizazi cha nne. Zina nguvu bado, na bajeti ya kuzibadilisha haipo. Kuziacha bila masasisho ni kucheza na moto. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye huduma ya afya ya Uingereza, NHS, kikavuruga takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za England, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ikafutwa. Kiraka, yaani sasisho la kukizuia, kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo. Mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7 ambazo hakuna aliyezisasisha.

Mwaka huohuo wataalamu wa kujitolea kulekule Uingereza walikuwa wakitengeneza NHSbuntu, yaani Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, iliyorekebishwa kwa ajili ya watumishi wa NHS. Walifika mbali, hadi kwenye kadi za utambulisho ambazo watumishi huingilia kwenye mifumo. Lakini jina lenye herufi za NHS liliwaingiza kwenye mvutano wa alama ya biashara, wakabadili likawa NHoS, na mradi haukudumu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa kiufundi ni huu: usitengeneze mfumo wenye jina lako na nembo ya halmashauri. Chukua ulio tayari, unaosasishwa na watu wengine, halafu marekebisho yako yote yaandike kwenye faili moja la amri linaloweza kusomwa na atakayekuja baada yako. Ukihamishiwa Namtumbo kesho, kituo kisibaki yatima.

Mimi natumia aina ya Linux iitwayo Linux Mint 22, toleo lake jepesi la Xfce. Inasasishwa hadi 2029, inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, inakuja na LibreOffice na Firefox, na menyu yake iko chini kushoto pale watu walipozoea. Wapo watakaokubishia kwamba Debian, aina nyingine ya Linux, ni bora. Wanaweza kuwa na hoja, lakini hawatakuwepo sista wa zamu atakapopiga simu saa nane usiku.

Barua kwanza. Kompyuta ni mali ya serikali, yenye namba kwenye leja. Zungumza na mganga mfawidhi, kisha afisa TEHAMA wa manispaa, upate ruhusa kwa maandishi. Ukiruka hatua hii, siku printa itakapoishiwa wino utaambiwa ni ile Linux yako.

Ukishapata ruhusa, washa mashine moja kwa flashi yenye Mint bila kusimika chochote, na mlete mtumishi mwenyewe ajaribu kazi yake halisi. Mifumo mingi tunayotumia inafunguka kwenye kivinjari, ukiwemo DHIS2 tunakoingiza taarifa za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), kwa hiyo hapo huwa hakuna kesi. Kisoma misimbo ya mistari (barcode) ya dawa nacho kompyuta inakiona kama kibodi tu, kinafanya kazi papo hapo. Kesi iko kwenye vitu vitatu. Printa: HP LaserJet P1102, ambayo utaikuta kila ofisi mjini hapa, inahitaji programu-jalizi ya HP, nayo unaishusha kwa amri ya `hp-plugin` ukiwa na intaneti, ifanye hiyo ofisini kwako, usisubiri ufike dirishani. Kisoma alama za vidole: vingi vina dreva za Windows peke yake. Tatu ni zile karatasi za Excel zenye makro ambazo mtu fulani alizitengeneza zamani na kila mtu anaziogopa. Zifungue zote kwenye LibreOffice, ubonyeze kila kitufe. Kama kuna kisichokubali, acha mashine moja ya Windows kituoni kwa kazi hiyo, uiondoe kwenye intaneti kama kazi yenyewe inaruhusu. Hakuna aibu. Nimeona watu wakipoteza wiki nzima wakilazimisha dreva isiyotaka.

Wakati wa kusimika, chagua Kiingereza cha Uingereza. Ukichagua cha Marekani, mambo mawili yataharibika kimyakimya. Karatasi itakuwa ya saizi ya Letter, na printa itasimama ikiwaka taa kusubiri karatasi ambayo Dar es Salaam nzima huipati. Baya zaidi ni tarehe. LibreOffice ya Kimarekani ukiiandikia 5/6 inaelewa tarehe 6 Mei. Sasa fikiria orodha ya akina mama wa kliniki ya wajawazito na tarehe zao za kurudi. Kila tarehe kuanzia 1 hadi 12 inaweza kugeuzwa, na hakuna mtu atakayegundua mpaka mama aje siku ambayo hayumo kwenye orodha. Kwa nini nisichague Kiswahili? Ningependa sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatupa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004, na ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini menyu za Mint zimetafsiriwa nusunusu, na menyu iliyochanganyika inamchosha mtu kuliko Kiingereza alichokwisha kukikariri. Kiswahili nakiweka pale mkono unapogusa: aikoni za eneokazi zinaitwa "Mfumo wa Hospitali", "Ripoti za MTUHA", "Printa ya Maabara". Ziwe nne au tano, kubwa. Vingine viondoe. Hypnotix, programu ya kuangalia televisheni inayokuja na Mint, iondoe kabla siku ya Simba na Yanga haijafika.

Saa nayo ina visa vyake. Weka `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, halafu fungua kasha ubadilishe betri ndogo ya CR2032. Mashine za mtumba nyingi betri hiyo imekufa. Umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma, mtandao ukichelewa kuirekebisha kivinjari kinakataa kufungua tovuti kwa madai ya usalama, na mapokezi wanakuita kwamba "intaneti imekufa". Betri ni bei ya chai na chapati.

Umeme wenyewe sasa. Hapa ndipo pa kutumia akili zaidi, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, weka mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kisha kuna jambo dogo la Mint na Ubuntu: mashine ikizimika katikati ya kuwaka, safari inayofuata inasimama kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, kwa sekunde 30 ikikusubiri uchague. Umeme ukirudi, ukakatika, ukarudi tena, kama tunavyoujua, utakuta mashine zote zimeganda kwenye skrini nyeusi na watu wanaanza kubonyeza ovyo. Fungua `/etc/default/grub`, ongeza mstari wa `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=3`, kisha endesha `sudo update-grub`. Kwenye LibreOffice punguza muda wa kuhifadhi kwa dharura kutoka dakika 10 hadi 2. Na kama kuna fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD, diski isiyozunguka, kabla ya RAM. Baada ya umeme kurudi, tofauti ya kuwaka unaiona kwa macho.

Masasisho yasiingie asubuhi. Mashine nyingi huzimwa jioni, kwa hiyo ratiba yoyote ya kufidia kazi iliyopitwa itaamka na kuanza kushusha mafaili saa mbili asubuhi, wakati foleni imefika kwenye ngazi. Zima masasisho ya kujiendesha ndani ya Mint, utumie cron ya kawaida, kipanga ratiba cha Linux, ambayo kazi ikipita imepita. Endesha `sudo crontab -e` uandike:

```
0 15 * * * apt-get update && DEBIAN_FRONTEND=noninteractive apt-get -y upgrade
```

Hiyo 15 ni saa tisa alasiri, wakati wagonjwa wamepungua na mashine bado zinawaka. Ukiwa na mashine kadhaa kwenye mtandao mmoja, simika `apt-cacher-ng` kwenye mojawapo, na nyingine uzielekeze huko. Faili litashuka mara moja tu kutoka nje, wengine watalichukua ndani. Anayelipia kifurushi cha kituo atakushukuru.

Suala la akaunti litakuletea ubishi. Kitabu kinasema kila mtumishi awe na akaunti yake kwenye kompyuta. Nenda dirishani uone: watu watatu wanapokezana kiti ndani ya saa moja, na kutoka na kuingia kila mara hakuwezekani. Ukilazimisha, wataandika nywila moja kwenye plasta na kuibandika juu ya skrini. Mimi kwenye madirisha naweka akaunti moja ya kompyuta isiyo na mamlaka yoyote, inaingia yenyewe, na haina kitu ndani. Utambulisho wa mtu unabaki kwenye mfumo wa hospitali, ambako kila mmoja ana jina lake na nywila yake, na ndiko kumbukumbu ya nani kafanya nini inakotunzwa. Kazi yako ni kuhakikisha kivinjari hakimkumbuki mtu. Tengeneza `/etc/firefox/policies/policies.json`:

```
{
  "policies": {
    "Homepage": {
      "URL": "http://anwani-ya-mfumo-wenu",
      "Locked": true,
      "StartPage": "homepage"
    },
    "OfferToSaveLogins": false,
    "SanitizeOnShutdown": true
  }
}
```

Akifunga kivinjari, kila kitu kinafutika na anayekuja anaanza upya. Wafundishe jambo hilo moja: ukiinuka, funga. Ofisini kwa daktari, maabara na kwa mganga mfawidhi hali ni tofauti. Huko kila mtu awe na akaunti yake na skrini ijifunge baada ya dakika tano. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti. Jibu la mgonjwa lililoachwa wazi kwenye skrini linasomwa na jirani yake.

Kusimba diski, yaani kuifunga isisomeke bila nywila? Laptopu zinazokwenda huduma ya mkoba, ndiyo, bila mjadala. Chagua kusimba wakati wa kusimika. Kompyuta za dirishani, hapana. Kila umeme ukirudi mtu angetakiwa kuandika nywila ya diski, na ndani ya wiki moja nywila hiyo ingejulikana hadi kwa mlinzi. Hizo zilinde kwa kutoweka kitu juu yake: taarifa zikae kwenye seva, na chumba cha seva kiwe na kitasa kinachofunga.

Flashi za watumishi usizipige marufuku, hutaweza. Zina orodha za michango ya kamati ya harusi na zitachapishwa kwenye printa ya serikali, utake usitake. Virusi vinavyogeuza mafaili kuwa njia za mkato havifanyi kazi kwenye Mint, na mafaili yaliyofichwa utayaona. Ila virusi vinabaki kwenye flashi na kwenda nyumbani kwa mtu. Mwambie.

Mashine ya kwanza ikikaa sawa, iache ifanye kazi dirishani kabla hujaizidisha. Kisha tumia Clonezilla kunakili diski yake kwenye diski ya nje, na kutoka hapo kwenye mashine nyingine. Diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ya asili. Kila nakala ibadilishe jina la mashine na uondoe kitambulisho cha pacha wake kwa `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, la sivyo zinaweza kugongana kwenye mtandao. Majina yawe ya mahali, `dawa-1`, `maabara-2`, ili mtu akikupigia ujue anakaa wapi.

Usibadilishe mashine yoyote wiki ya mwisho wa mwezi wala siku za mwanzo wa mwezi. Huo ni wakati wa ripoti za MTUHA, na matroni hatakusikiliza. Anza na yule nesi kijana ambaye wenzake humwita simu zao zikigoma. Kila idara ina mmoja. Mfundishe yeye vizuri, wengine watamuuliza yeye kabla yako. Kompyuta ya takwimu iwe ya mwisho kabisa.

Diski ya zamani ya kila mashine ichomoe, ibandike jina na tarehe, uifungie kabatini hadi ripoti za miezi miwili zipite salama. Baada ya hapo usiipeleke stoo ikiwa na majina ya wagonjwa. Diski ya kuzunguka ifute kwa `sudo shred -v -n 1 /dev/sdX`, ukihakiki herufi ya mwisho kwa `lsblk` kabla hujabonyeza Enter. SSD ifute kwa kifutio cha BIOS au cha mtengenezaji, kwa sababu `shred` haifiki kila sehemu yake. Andika kwenye leja kwamba imefutwa, nani kafuta na lini, mganga mfawidhi asaini.