Mkopo wa HESLB kwa kijana mwenye ulemavu: barua ya mganga ndiyo inayowakwamisha

Kila dirisha la mikopo ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) likifunguliwa maswali ni yaleyale, basi nayajibu hapa mara moja. Hii ni kwa mzazi anayeishi na kijana mwenye ulemavu anayekwenda chuo kikuu.

1. Hakiki cheti cha kuzaliwa kwenye eRITA, mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyezaliwa Zanzibar anahakiki ZCSRA, wakala wa usajili wa huko.

2. Barua ya mganga. Ripoti ya daktari anayemtibu, hata awe bingwa wa KCMC (hospitali ya rufaa Moshi), haitoshi. Inayotakiwa ina sahihi na muhuri wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Ripoti ya bingwa unampelekea yeye kama kielelezo. Angalieni mipaka, maana kila halmashauri ina Mganga Mkuu wake: Moshi kuna Manispaa na kuna Halmashauri ya Wilaya. Arusha kuna Jiji na kuna Arusha DC (Halmashauri ya Wilaya), na Tengeru ni Meru. Mtu wa Ngaramtoni, ambayo iko Arusha DC, akipanga foleni Jiji anapoteza asubuhi yake. Nenda na kijana mwenyewe. Kabla hujatoka ofisini isome barua: majina yafanane herufi kwa herufi na cheti cha kidato cha nne (Emanuel na Emmanuel ni watu wawili), aina ya ulemavu itajwe, si "ni mgonjwa" tu, na muhuri usifunike tarehe. Kisha iskani. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono, muhuri hausomeki.

3. Kaya iko TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini? Weka namba ya kaya.

4. Jaza OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa kuomba mkopo, kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, lipia shilingi 30,000.

5. Chapisha fomu, isainiwe na mdhamini, serikali ya mtaa, na hakimu au wakili. Pakia kurasa zilizosainiwa.

MASWALI

Kijana wa Pasua: Mkuu, barua ya KCMC si inatosha?
Jibu: Rudi namba 2.

Kijana wa Pasua: Nimeisoma juujuu, nina haraka.
Jibu: Haraka hiyo ndiyo inayorudisha maombi.

Mama Neema, Sakina: Shikamoo mwalimu. Hii ni ruzuku au tutadaiwa?
Jibu: Marahaba mama. Ni mkopo. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ulemavu unampa kipaumbele, haufuti deni.

Msomaji wa Majengo: Kwa nini cheti kihakikiwe, na RITA ndio waliokitoa?
Jibu: Swali zuri. Kuwa na karatasi mkononi ni jambo moja, RITA kuthibitisha kwamba imo kwenye kumbukumbu zao ni jingine. Vyeti vya kughushi vipo, na vya zamani vya mkono vina majina yaliyokosewa. Ndiyo maana anza na hatua hii wiki kadhaa kabla dirisha halijafunguliwa. Kosa likionekana upate muda wa kulirekebisha.

Mama Neema: Mdogo wake yuko kidato cha tatu, ana uoni hafifu. Tuanze nini?
Jibu: Mwone mkuu wa shule mapema, kabla ya usajili wa NECTA (Baraza la Mitihani), amsajili kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu. Atapata karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, 10 kwa masomo mengine. Usajili ukishapita, kumwongeza ni kazi.

Msomaji wa Majengo: Na barua ya mganga, huko nayo?
Jibu: Muulize mkuu wa shule anataka ipi, na nakala zote weka faili moja.