Onja Linux kwa flashi kabla hujaitia kwenye laptopu yako

Duka langu la kuchapa lipo Chake Chake, Pemba. Chumba kimoja, meza mbili, printa mbili na feni. Kazi zangu ni barua za maombi ya kazi, mitihani ya skuli, picha za pasipoti, na ukifika mchumo wa karafuu, hesabu za wachumaji. Mashine yangu ni laptopu ya Lenovo niliyoinunua imeshatumika, Darajani kule Unguja, nikarudi nayo kwa boti nimeipakata kama mtoto mchanga. Ram yake, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 4. Windows 10 ilikuwa inatambaa mule ndani. Nikiwasha asubuhi nawahi kwenda kununua vitumbua, nirudi bado kile kiduara kinazunguka. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakafunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haikubali mashine ya umri ule. Kununua nyengine sikuwa na uwezo.

Mtoto wa dada yangu anayesoma SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, akanambia, "Mama mdogo, jaribu Linux." Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows. Nikamwambia mie sitaki kuharibu chombo cha kazi. Akanijibu, "Huharibu kitu. Unaiendesha kwenye flashi, ukichoka unachomoa, Windows yako unaikuta pale pale." Hilo ndilo neno ambalo watu hawaambiwi. Wengi wanadhani ukisema Linux lazima ufute kila kitu kwanza.

Nieleze kidogo kabla hatujaanza. Linux aliianza Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland, akaiachia wazi ili wenzake waione na waitengeneze. Ndiyo maana inaitwa programu huria: maandishi yake ya ndani yapo wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadilisha na kuwapa wengine. Watu wakaichukua kila mmoja akaivisha nguo yake, ndiyo unasikia majina mengi mengi. Mie natumia Linux Mint, ambayo ipo tangu 2006, na ninaipendekeza kwa sababu menyu yake ipo chini kushoto pale pale macho yalipozoea. Wapo watakaokwambia nyengine ni bora. Waache wabishane barzani.

Anza na kitu chepesi

Usikimbilie flashi siku ya kwanza. Kwanza tia programu huria kwenye Windows uliyonayo: LibreOffice kwa barua na hesabu, VLC kwa video, Firefox kwa intaneti. Zote zinafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux sawasawa. Fanya nazo kazi wiki mbili. Mikono ikikataa LibreOffice, utakuwa umejua bila ya gharama.

Mimi LibreOffice ilinisumbua siku tatu, kisha ikanyooka. Hofu yangu kubwa ilikuwa mitihani: mwalimu amepanga maswali kurasa nne, akija kwangu zisije zikawa tano. Kumbe mpangilio unavurugika zaidi pale herufi alizotumia mwenye faili hazimo kwenye mashine yako. LibreOffice inakuja na herufi za Carlito badala ya Calibri, na Liberation Serif badala ya Times New Roman, na upana wake umelinganishwa makusudi, kwa hiyo mistari inakatika pale pale. Herufi za mapambo ndizo zinazoleta balaa. Mwenye faili akitaka kuchapa tu, mwambie akuletee PDF.

Hesabu za karafuu nazo zilinifunza. Safu ya kwanza jina la mchumaji, ya pili pishi alizochuma, ya tatu malipo ya pishi moja, ya nne unaandika =B2*C2 kisha unaiburuta kona ya kisanduku mpaka chini. Jumla ni =SUM(D2:D30). Kosa walilonalo wanaoanza ni kuandika "12 pishi" ndani ya kisanduku, kisha wanaona #VALUE! wanadhani programu mbovu. Kisanduku cha hesabu kitie namba peke yake. Neno pishi liandike juu kwenye kichwa cha safu.

Na umeme, sie tunaujua. Hata baada ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, hukosi siku unakatika katikati ya barua, na betri ya laptopu iliyotumika haina dakika tano. Ingia Tools, Options, Load/Save, General, utaona pale pa kuhifadhi kila baada ya dakika kadhaa. Weka 2. Lakini hiyo ni akiba ya dharura tu. Kidole kiendelee kubonyeza Ctrl+S. Na ukibandika maandishi kutoka WhatsApp yakaja na rangi na ukubwa wa ajabu, tumia Ctrl+Alt+Shift+V, yatakuja matupu.

Kutengeneza flashi ya kuonjea

Faili la Linux Mint linakaribia GB 3. Chukua lile la Xfce, ndilo jepesi. Mashine yako iwe na ram ya GB 2 kwa uchache, na kwa kweli GB 4 ndiyo raha.

Mara ya kwanza nilishusha kwa bando la simu. Likaisha njiani, nikaunga bando jengine, kivinjari kikaanza upya kutoka sifuri. Nusura nilie. Kwenye tovuti ya Linux Mint kuna njia ya torenti: ukikatika inaendelea ilipoishia, tena inakagua kila kipande inachopokea. Programu ya qBittorrent inatosha, nayo ni huria. Kama umeshusha kwa njia ya kawaida, kagua mwenyewe. Fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, kwenye folda lenye faili, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Itakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti kwa faili hilo hilo. Ukitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika, lishushe tena. Usiseme "litafanya kazi tu." Mie nilisema, nikapoteza jioni nzima natazama kioo cheusi.

Sasa tafuta flashi ya GB 8 au zaidi. Kuliburuta lile faili kwenye flashi kama unavyoburuta picha hakusaidii, mashine haitawaka nalo. Linahitaji kuandikwa kwa programu maalumu: Rufus au balenaEtcher. Unachagua faili, unachagua flashi, unabonyeza kitufe cha kuanza. Kila kilichokuwemo kwenye flashi kinafutwa.

Hapa nisimame. Siku niliyofanya, flashi mbili zilikuwa zimechomekwa: yangu, na ya mzee wa kamati ya msikiti aliyoniachia nimchapie daftari la michango. Zote nyeusi, zote GB 16. Nilichagua isiyo yangu. Nilimpigia mzee sauti ikitetemeka, akaniambia tu, "Nakala ipo kwa katibu, mwanangu, usijiue." Tangu hapo, kabla ya kufungua Rufus nachomoa kila kitu, hata simu, nabakisha flashi moja.

Kuiwasha

Zima Windows kabisa. Windows ina tabia ya kulala nusu badala ya kuzima, kwa hiyo shikilia Shift wakati unabonyeza Shut down. Na kama laptopu yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, andika ule ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi kwanza. Ukigusa mipangilio ya kuwasha, Windows inaweza kukuuliza.

Chomeka flashi, washa, na papo hapo gonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Lenovo na Dell kwa kawaida ni F12. HP ni Esc kisha F9. Usishikilie, gonga gonga. Ukichelewa Windows itawaka, zima uanze tena. Itatoka orodha fupi, chagua yenye jina la flashi, kisha "Start Linux Mint". Kioo kikibaki cheusi, rudi uchague ile ya "compatibility mode".

Ikishawaka utakuta ikoni ya kuitia Linux moja kwa moja, imeandikwa "Install Linux Mint". Iache. Ukiwa na watoto dukani, iburute kwenye kona mbali.

Sasa onja kweli, usitazame picha ya nyuma tu. Unganisha Wi-Fi, au chomeka simu kwa waya ugawe intaneti ya simu. Cheza sauti. Fungua kamera. Punguza mwanga wa kioo kwa vitufe. Funga kifuniko kisha fungua, uone inaamka. Na kwa mtu wa kazi kama yangu, chomeka printa uchape karatasi moja. Printa yangu ya HP ilitambulika yenyewe, sikutafuta CD wala nini. Ile nyengine, leza ndogo, ilikataa kabisa na mpaka leo naitumia kwa mashine ya pembeni yenye Windows. Bora nilijua kabla.

Mambo mawili usiyahukumu kwa siku hiyo. Kasi: flashi ni nzito kuliko diski, kwa hiyo programu zitachelewa kufunguka. Na kuhifadhi: ulichoandika kinakaa kwenye ram, ukizima kimepotea. Mtoto wa dada yangu, huyo huyo mtaalamu, aliandika kazi yake ya chuo saa mbili nzima kwenye Linux ya flashi, akazima, akaenda kula. Nilicheka mpaka akanuna. Ukitaka kuhifadhi, chomeka flashi ya pili, au fungua diski ya Windows kutoka pale kwenye Mint uweke humo. Ikigoma kuandika, basi Windows hukuizima ile ya kabisa.

Faida niliyoipata bila kutarajia

Wiki ya kwanza alikuja Maalim mmoja na flashi.

"Mwanangu, hii imeliwa."

"Imeliwa na nini, Maalim?"

"Mafolda yote yamekuwa vimshale. Nikibonyeza, hapana kitu."

Ugonjwa huu kila mwenye duka la kuchapa anaujua. Kirusi cha Windows kinayaficha mafolda ya kweli na kuweka njia za mkato za uongo zenye majina yale yale. Niliichomeka kwenye Mint, na mafaili yake yote yakawa yameketi pale, mengine ndani ya folda lisilo na jina. Njia zile za mkato hazina nguvu kwenye Linux. Nikanakili ya kweli, nikaacha yote yanayoishia na .lnk (njia za mkato) na .exe (programu za Windows), nikaifomati flashi, nikamrudishia. Sasa ile flashi ya Linux inakaa kwenye droo yangu hata kwa kazi hiyo tu. Laptopu ya mtu ikikataa kuwasha Windows na diski bado nzima, nawasha kwa flashi, natoa picha zake na vyeti vyake, kisha ndiyo aende kwa fundi.

Kwa walimu nawaonyesha na Kiwix. Unashusha Wikipedia ya Kiswahili nzima kama faili moja, inaingia kwenye flashi na nafasi inabaki, wanafunzi wanasoma bila bando. Na LocalSend kwa kutoa picha za pasipoti kwenye simu ya mteja kuja kwenye laptopu: simu na laptopu ziwe kwenye Wi-Fi moja, picha inakuja na ukubwa wake, haikamuliwi kama ikipitia WhatsApp.

Ukiamua kuitia

Mie nilionja siku tisa. Siku ya kumi nikanakili kila changu kwenye diski ya nje, nikafungua mafaili matano kwenye mashine nyengine kuhakikisha yanafunguka, ndiyo nikagusa ile ikoni. Kabla ya hapo nilitoa diski ya kuzunguka nikatia SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240, na nikwambie ukweli, nusu ya wepesi ninaousifu umetoka kwenye hiyo SSD. Linux haiifanyi diski iliyochoka kuwa mpya.

Itakuuliza lugha, kibodi, kisha swali kubwa. Kuna chaguo la kuiweka pembeni ya Windows, uwe nazo zote mbili, na kuna "Erase disk and install Linux Mint", ambalo linafuta diski nzima. Kama una shaka yoyote, chagua la kwanza. Inataka nafasi ya GB 20 kwa uchache, na GB 100 ukiwa nazo. Mie SSD yangu ilikuwa tupu, nikachagua la pili. Chaji iwe imechomekwa na betri imejaa, umeme usije ukakukuta katikati. Jina la mtumiaji andika fupi, na neno la siri liandike kwenye daftari, kwa sababu litaulizwa kila ukitaka kuongeza programu.

Kwangu ilichukua chini ya nusu saa. Mwisho itakwambia uchomoe flashi na ubonyeze Enter. Chomoa kwanza, ndiyo ubonyeze. Mie nilibonyeza nayo ikiwa ndani, ikanirudisha kule kule kwenye kuonja, nikadhani haikuingia.