Jirani Amejenga Ndani ya Mpaka Wako: Hatua za Kufuata kwa Kiwanja Kilichopimwa Nchini Tanzania

Katika kazi yangu ya upimaji ardhi, naona watu wengi wakichanganya maswali mawili: mpaka uko wapi, na je, ujenzi wa jirani unafuata kibali na sheria ndogo? Swali la kwanza ni la mpima na, ikibidi, baraza la ardhi. La pili ni la halmashauri. Anayemtaka mkaguzi wa majengo aamue umiliki atazungushwa bure.

Hatua ya kwanza: usibomoe wala kusogeza chochote, kwani kung'oa jiwe la mpaka ni kosa la jinai. Piga picha za ukuta au msingi, kisha andika tarehe ujenzi ulipoanza.

Hatua ya pili: tafuta ramani ya upimaji iliyosajiliwa, yenye namba za mawe ya mpaka na viwianishi vyake, yaani tarakimu zinazoonyesha mahali hasa kila jiwe lilipo. Hapa simu huwaponza wengi wanaoitumia kutafuta mawe hayo. Kwanza, usomaji wa simu unaweza kukosea kwa mita kadhaa, ilhali ugomvi wenyewe mara nyingi ni wa nusu mita. Pili, ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi, na ukiingiza viwianishi vyake moja kwa moja kwenye programu inayotumia WGS84, mfumo wa GPS ya simu, kiwanja chako kitaonekana kimehama kwa mamia ya mita.

Hatua ya tatu: mwite mpima aliyesajiliwa afufue mipaka, yaani aonyeshe upya mawe yanapopaswa kuwa, jirani na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo. Heri mchangie gharama na jirani, kwa sababu asiyelipa chochote huwa mwepesi wa kudai kwamba mpima amenunuliwa. Omba taarifa ya maandishi iliyosainiwa pamoja na mchoro unaoonyesha ukuta umeingia kiasi gani. Migogoro mingi huishia hapa, hasa pale fundi alipofuata uzio wa minyaa badala ya mawe.

Hatua ya nne: ujenzi ukiwa bado unaendelea, peleka malalamiko ya maandishi halmashauri. Usiandike kwamba umeporwa ardhi. Uliza kama kibali kipo na kama jengo limeacha umbali unaotakiwa kutoka mpakani. Ikibainika hakuna kibali, halmashauri inaweza kuamuru ujenzi usimame, nawe utapata nafasi ya kushughulikia suala la mpaka kabla ukuta haujafika kwenye lenta.

Hatua ya tano: nenda baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza hili hupatanisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Likishindwa, chukua cheti cha kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inakuruhusu kusonga mbele.

Hatua ya sita: fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ukitaja namba ya kiwanja na kitalu, na ukiambatisha hati, ramani na taarifa ya mpima. Omba pia zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi wakati shauri likiendelea, na uliombe baraza litembelee eneo, maana mchoro pekee hauwasaidii sana wazee wa baraza. Usichelewe: ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.