Fonti ya mwandiko uliochakaa kutoka barua za babu

Fonti ya mwandiko wa kizamani hujisaliti pale herufi ileile inaporudi na mkwaruzo uleule. Kwa Kiswahili ni balaa zaidi, maana hakuna herufi inayorudi kama "a". Andika "barabara" uone a nne zenye ufa mmoja.

Hatua ya 1. Nilianza na barua za babu, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), rangi ya kijivu. Barua usiipige pasi kuinyoosha. Mikunjo utaisafisha kwenye kompyuta.

Hatua ya 2. Chagua herufi. Moja moja zinatosha, ila a chukua tatu. Usikimbilie zilizo safi; tafuta zile ambazo wino uliruka kidogo, ndizo zenye uhai. Katika barua za Kiswahili q na x huzikuti. Ziandike mwenyewe, kisha utoe fotokopi, na fotokopi ya hiyo fotokopi, mara tatu. Kingo zitalika zifanane na wenzake.

Hatua ya 3. Fungua Inkscape, programu ya kuchora, bonyeza Shift+Alt+B kugeuza kila picha kuwa umbo la mistari. Vumbi dogo liondoe, kwa sababu kwenye saizi ya 12 linaonekana kama uchafu wa printa. Halafu Ctrl+L mara moja tu kupunguza nukta. Ukirudia, kingo zinakuwa laini na uzee wote umepotea.

Hatua ya 4. Ingiza maumbo kwenye FontForge, programu ya kutengeneza fonti, kila moja kwenye kisanduku chake. A za ziada ziite a.2 na a.3. Chora apostrofi zote mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na uzisogeze karibu na g. Bila hivyo "ng'ombe" itakatika vipande viwili.

Hatua ya 5. Hapa ndipo kazi ilipo. Andika haya kwenye faili la maandishi linaloishia na .fea, kisha uliunganishe na fonti:

```
@k = [b c d f g h j k l m n p r s t v w y z];
feature calt {
  sub a a' by a.2;
  sub a @k a' by a.2;
  sub a.2 @k a' by a.3;
  sub a @k @k a' by a.2;
  sub a.2 @k @k a' by a.3;
} calt;
```

Maana yake: a ikifuatwa na konsonanti moja au mbili kisha a nyingine, hiyo ya pili inavaa sura tofauti. Baada ya a.3 mzunguko unaanza upya. Mstari wa kwanza wa sub ni kwa ajili ya "kaa" na "saa". Konsonanti mbili usizisahau. Mimi nilizisahau mwanzoni, "kwamba" na "changanya" zikanitoka na a pacha.

Jaribu kwa "barabara", "karatasi", "maharagwe". LibreOffice hubadilisha yenyewe. Kwenye Word ni lazima uwashe mbadala wa herufi ndani ya mipangilio ya juu ya fonti, la sivyo utadhani msimbo wako umekosewa. Chapa kwenye karatasi kabla ya kumpa mteja. Kioo cha kompyuta huficha nyufa ambazo wino utazionyesha.